Ongeza Springi Moja

Jumamosi iliyopita nilikuwa pale kwa waosha magari, upande wetu wa Komarock, nikaona pikapu ya milango minne imeinuliwa mpaka unajiuliza mwenyewe hupandaje. Tairi pana zenye meno makubwa, taa za ziada juu ya kabini, chuma cheusi mbele kama cha gari la jeshi. Mwenyewe ni msee wa rika langu. Nikamsalimia, nikazunguka gari, nikamuuliza hubeba nini. Akacheka kweli kweli. "Buda, hii haibebi. Hii inaonekana."

Nilicheka pia, na sikuwa na ubaya naye. Gari ni yake, pesa ni zake. Lakini swali lenyewe halikuniacha, kwa sababu kwetu kwa ploti kuna Isuzu TFR ya marehemu mjomba wangu, na mwaka huu imekuwa jukumu langu. Nina akiba ya kufanya kazi moja tu kwa hiyo gari. Kila mtu ana ushauri. Mabeshte wanasema niweke lifti. Majirani wazee wanasema niongeze springi moja nyuma. Moja tu, kijana, halafu utabeba chochote.

Hayo maneno, "ongeza springi moja", nimeyasikia tangu nikiwa mdogo, na nilipoanza kuuliza yalitoka wapi nikajikuta nasoma historia ya Nairobi. Sikutania. Ukitaka kujua watu wa Eastlands waliishi vipi, tazama sehemu ya nyuma ya pikapu zao, hapo chini, mahali ekseli inaposhikana na springi.

Tuanze na Peugeot. Vijana wa leo wakisikia Safari Rally wanafikiria Naivasha na ile wikendi ya nyama choma. Rali ilianza mwaka wa 1953 ikiitwa Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuwa barabara za kawaida za wakati huo, yaani vumbi, mawe, na mvua ikinyesha ni tope hadi magotini. Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza. Saba! Mengine yote yalibaki njiani, yamevunjika au yamekwama.

Mkulima wa Kangundo au mfanyabiashara wa Machakos hakuwa na haja ya kusoma gazeti la magari baada ya hapo. Aliona gari iliyomaliza. Na Peugeot walikuwa na 404 ya pikapu, halafu kutoka mwaka wa 1979 wakaleta 504 ya pikapu. Hiyo 504 iliunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi, na mpaka leo ukitembea mashambani utakutana na moja imebeba nyasi za ng'ombe, imechakaa rangi yote, na bado inaenda.

Sasa sikiliza vile pikapu iligeuka kuwa kitu kingine. Nairobi baada ya uhuru ilikuwa inajaa watu haraka kuliko mabasi. Kenya Bus Service ndiyo iliyokuwa na haki ya kubeba abiria mjini, na mabasi yake hayakufika kila mahali watu maskini walipokuwa wanajenga. Kwa hiyo wenye magari makuukuu wakaanza kubeba watu kwa senti 30, zile sarafu tatu za senti kumi kumi, mang'otore matatu kwa Kikuyu, na jina likabaki. Ilikuwa biashara ya kuwakimbia polisi mpaka mwaka wa 1973, Mzee Kenyatta aliposema matatu ziruhusiwe kufanya kazi bila ile leseni ya usafiri iliyokuwa inawasumbua.

Hapo pikapu ikapata kazi mpya. Ilichukuliwa ikiwa na kabini na chesisi, ikapelekwa kwa fundi, akaijengea nyumba ya mabati na mbao nyuma, mabenchi mawili marefu kando kando, mkiketi mkitazamana magoti yakigusana, mlango ukiwa nyuma, manamba akining'inia hapo nje. Wazazi wetu walienda shule na hizo. Mama yangu anasema ukipanda ukiwa umevaa sketi nyeupe umejitafutia makosa.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Pikapu ya aina hiyo kiwandani ilitengenezwa ibebe kama tani moja. Weka watu 18, kila mmoja kilo 60. Hiyo ni kilo 1,080. Tayari umepita, na bado hujahesabu nyumba ya mabati yenyewe, mabenchi, magunia ya viazi juu ya kabini, kuku wa nyanya ya mtu, na manamba. Pikapu ikajaa hivyo, springi zikalala. Ekseli ikagonga chesisi kwa kila shimo. Mwenye gari akirudi jioni kwa fundi analia, fundi anainama, anaangalia, anasema yale maneno.

Ongeza springi moja.

Nieleze kidogo kwa wale hawajawahi kulala chini ya gari. Springi ya nyuma ya pikapu nyingi si ile ya kujizungusha kama ya kalamu. Ni vyuma bapa vilivyopinda kama upinde, kimoja juu ya kingine, kirefu zaidi ndicho kinashika gari huku na huku, na vingine vinakuwa vifupi kadiri unavyoenda chini. Katikati kuna bolti inayovishona pamoja, kisha bolti za umbo la U zinafunga pakiti yote kwa ekseli. Ukibeba mzigo, upinde unanyooka. Ukishusha, unarudi. Kuongeza springi ni kufungua pakiti, kuingiza chuma kingine, na kufunga.

Na chuma kilitoka wapi? Kwa lori lililokufa. Springi ya lori ililetwa kwa mizani ya chuma chakavu, ikakatwa, ikatiwa motoni, ikapigwa nyundo mpaka ikafuata upinde wa pikapu. Ukienda Kamukunji leo, hapo karibu na Gikomba, utasikia hizo nyundo kabla hujaziona. Hao ndio watu ambao wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, walikuja kuwaandika katika ripoti yao ya Kenya ya mwaka wa 1972, wakasema jamani, hawa watu si wavivu wala si wahalifu, wana uchumi wao. Ripoti yao ndiyo iliyofanya dunia nzima ianze kusema habari za sekta isiyo rasmi. Sisi tuna jina letu: jua kali. Serikali ilichukua muda kuwaheshimu. Mwaka wa 1985 Rais Moi alienda Kamukunji, na baadaye vibanda vya kufanyia kazi vikajengwa ili wasichomwe tena na hilo jua.

Nawaheshimu mafundi hawa kupita kiasi, kwa hiyo naomba nisieleweke vibaya kwa haya yanayofuata.

Kuna kitu kimoja kuhusu chuma ambacho moto na nyundo peke yake havikwambii. Ugumu wa springi haupandi sawasawa na unene wake. Ukichukua chuma chenye urefu ule ule na upana ule ule lakini unene mara mbili, ugumu wake hauwi mara mbili. Unakuwa mara nane. Kwa hiyo ile springi moja ya lori, ambayo mwenye gari alidhani ni nyongeza ndogo, inaweza kuwa na ugumu wa pakiti nzima ya pikapu. Ndiyo maana gari ikiwa na mzigo inatembea vizuri, ikishusha inaruka kama mbuzi. Hakuna uzito wa kuikunja. Tairi inagusa lami, inaondoka, inagusa tena.

Pia kuna habari ya moto wenyewe. Springi inapata uhai wake kwa vile ilivyopashwa na kupoozwa kiwandani. Ukiipasha mpaka ikawa nyekundu ukaiacha ipoe tu hapo kando ya barabara, itainama na kubaki imeinama. Ukiipoza ghafla na usiipashe tena kidogo, itakuwa ngumu kama chupa, na kama chupa itavunjika. Wazee wa Kamukunji wanajua haya yote kwa jicho, kwa rangi ya chuma. Lakini mwenye gari anayetaka kurudi barabarani saa kumi na moja asubuhi hana muda wa kungoja fundi mzuri.

Serikali iliona. Mwaka wa 1984 Sheria ya Trafiki ilibadilishwa, matatu zikatakiwa kuwa na leseni ya abiria na kukaguliwa. Polepole zile nyumba za mabati zikapisha basi ndogo za Kijapani, zile ambazo sisi tunaita Nissan hata kama ni Toyota. Halafu Februari 2004 zikaanza kutekelezwa sheria za John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano, abiria 14 na basi. Ukiniuliza, huyo mzee aliokoa watu wengi, hata kama nauli ilipanda na tukatembea kwa miguu wiki mbili.

Pikapu ikarudi kwa mizigo. Lakini ule mkono wa fundi haukusahau.

Mfano ambao kila Mkenya anaujua ni Hilux za miraa. Miraa ikivunwa Maua, thamani yake inaanza kuyeyuka hapo hapo. Baada ya siku mbili hivi unauza majani ya chai. Kwa hiyo gunia zilizofungwa kwa majani ya ndizi zinapangwa juu ya pikapu mpaka zinapita kabini, na dereva ana zaidi ya kilomita 250 za kufika Nairobi kabla ndege haijaondoka Wilson. Hao madereva hawakuongeza springi kwa sababu ya uzito peke yake. Waliongeza kwa sababu ya uzito ukichanganywa na mwendo. Gari iliyojazwa juu hivyo ikiingia kona na springi laini inalala upande, na ikilala mara moja kwa mwendo huo haiamki. Ziliandikiwa nyimbo na pia ziliandikiwa vifo. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014 soko moja kubwa likafa, na kazi nyingi ya njia hiyo sasa inafanywa na Probox, gari ndogo ya nyumbani ambayo Wakenya tumeibebesha mzigo wa pikapu na kuipa mwendo wa ndege. Probox ni mada ya siku nyingine. Nikianza hapo hatutamaliza.

Turudi Komarock. Sisi tuko mahali ambapo Barabara ya Kangundo inaingia Nairobi, na hiyo barabara ni mto wa pikapu. Alfajiri zinatoka Tala, Kangundo, Joska na Kamulu na nyanya, maembe, sukuma, maziwa. Mchana zinarudi na mabati, saruji, na godoro limefungwa kwa kamba ya katani. Mawe ya kujenga yanatoka machimbo ya Njiru hapo tu. Ukivunjikiwa, mafundi ni wengi kando ya barabara, na ukitaka kazi nzito unapanda mpaka Kariobangi Light Industries, au unateremka mjini Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utafute kipuri.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa hiyo barabara. TFR yake ni ile ya injini ya dizeli ya lita 2.5, gari ambayo haina haraka na haina kiburi. Isuzu zimeunganishwa Nairobi tangu miaka ya 70, chini ya General Motors mpaka mwaka wa 2017 Isuzu wenyewe walipochukua usukani, kwa hiyo vipuri viko na kila fundi anaijua. Alibeba nyanya. Biashara ikakua, kreti zikaongezeka, springi zikaanza kulala. Mwaka wa 2011 aliingia kwa fundi mmoja wa kando ya barabara, akaongezewa springi mbili kila upande. Mbili, si moja. Gari ikasimama matako juu. Nakumbuka nilivyojivunia. Nilikuwa shule ya msingi na niliona gari yetu ni kama simba anayetaka kuruka.

Kuna kitu chini ya hiyo gari ambacho hakuna mtu alikitazama. Pikapu nyingi zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti au springi ndogo. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikiwa tupu, nyuma iko juu, valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisijifunge ukateleza. Ukibeba, nyuma inashuka, valvu inafunguka, breki za nyuma zinapata nguvu kamili. Ni akili ya kiwandani, ya ajabu, na ya kimya. Sasa ukiongeza springi mbili za lori, gari ikiwa na tani nzima bado nyuma iko juu. Ile valvu inadhani gari ni tupu. Inazima breki za nyuma wakati unazihitaji kuliko siku zote.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, kreti zimejaa, wanateremka kuelekea Njiru. Matatu ikasimama mbele ghafla vile hufanya. Mjomba akakanyaga. Tairi za mbele zikajifunga, nyuma ikaendelea kusukuma kana kwamba hakuna breki, na gari ikaenda yenyewe hadi mtaroni. Mjomba alitoka na michubuko. Binamu yangu, aliyekuwa ameketi upande wa abiria na alikuwa na miaka 17, alivunjika mguu mahali pawili. Alikuwa anacheza mpira vizuri sana, na sisemi hivyo kwa sababu ni wetu. Hakucheza tena.

Kwa miaka tulisema ni mvua. Wengine walisema ni matatu. Mjomba mwenyewe alisema ni Mungu, na hakuongea zaidi. Ni juzi tu, nilipoipeleka gari Kariobangi, fundi mmoja mzee alipolala chini yake kwa dakika tano akaniita. "Kijana, kuja uone. Hii valvu haijawahi kurekebishwa tangu waongeze springi." Nililala hapo kando yake kwenye mafuta nikitazama kile kijiti, na sikuwa na la kusema. Kazi ya kukirekebisha ilimchukua chini ya nusu saa.

Kwa hiyo nikirudi kwa yule msee wa car wash na lifti yake, sitaki mfikirie nasema za kisasa ni mbaya na za kale ni nzuri. Ni kinyume, karibu. Hii mitindo ya kuinua gari ina historia yake pia, na ni ya heshima. Australia wana jangwa na nyika zisizo na mwisho, na kampuni kama ARB, iliyoanzishwa Melbourne mwaka wa 1975, zilikua kwa kutengenezea watu wa huko vifaa vya kuvuka na kurudi wakiwa hai. Hapa kwetu kuna Rhino Charge tangu mwaka wa 1989, ambapo magari hupita mahali mbuzi angekataa, na pesa zinaenda kwa ua wa kulinda msitu wa Aberdare na mingine. Watu hao huinua gari kwa sababu kuna jiwe. Wanataka tumbo la gari lipite juu ya jiwe na tairi ipate nafasi ya kushuka shimoni bila kuachana na ardhi. Springi zao na shokabsoba zao zimepimwa pamoja, kwa uzito unaojulikana.

Tofauti ni kwamba Mwaustralia huyo aliulizwa: gari itabeba nini, itapita wapi? Mjomba wangu aliulizwa nusu ya hilo swali. Sisi wa sasa hatuulizwi kabisa, tunaonyeshwa picha.

Na jamani kuna mambo ambayo picha haikuonyeshi. Chukua tairi tu. Pikapu iliyokuja na tairi za 205/80R16, ukiivalisha 265/75R16, kila mzunguko wa tairi unaenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 9. Kipima mwendo hakijui. Kikikuambia 80, wewe uko karibu 88, na askari mwenye kamera hatajali hadithi yako. Injini nayo inasukuma gurudumu kubwa kwa gia zile zile, kwa hiyo kwenye mlima wa kawaida unashangaa gari imekuwa nzito. Ukiinua mbele bila kurekebisha taa, unawapofusha wote wanaokuja Kangundo Road usiku. Kwa TFR na Hilux za zamani, mbele hakuna springi ya upinde, kuna fimbo ya chuma inayojipinda, na fundi akikaza bolti yake mbele inainuka bila kununua chochote. Mtu atakuambia ni bure. Si bure. Tairi zinalala kwa pembe mbaya zinaliwa upande mmoja, na gari inapoteza nafasi ya kushuka, ikifika shimoni inagonga juu na chini kwa zamu. Ukiinua nyuma, angalia mpira wa breki kama bado una urefu wa kutosha ekseli ikining'inia. Ule mpira ukivutika siku moja utakatika. Tena sheria inataka mabadiliko makubwa ya gari yaandikishwe, na karatasi yako ya bima isome kabla ya kubadilisha kitu, si baada.

Lakini kosa kubwa kuliko yote, na ndilo la miaka hamsini, ni kuamini kwamba springi inaongeza uwezo wa gari. Haiongezi. Inazuia gari isionekane imelemewa. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile, chesisi ni ile ile, tairi zimeandikwa ubavuni uzito wa mwisho wa kubeba na hazikusoma habari ya springi yako. Zile matatu za mabati zilikuwa zinasimama wima zimebeba tani moja na nusu, na kila mtu aliyeziona alidhani ziko sawa. Springi iliyolala angalau inakuambia ukweli.

Sasa kwangu. Mpango wangu ni maji. Mnajua Komarock na majirani zetu wa Kayole, bomba linakauka wiki nzima na mtu ananunua mtungi kwa mtungi. Niliona tangi la lita 1,000 nyuma ya TFR, pampu ndogo ya petroli, mpira mrefu, biashara imeanza. Yule fundi mzee aliniuliza swali ambalo msee wa car wash alilicheka.

"Unabeba nini?"

"Maji, mzee. Lita elfu moja."

"Hiyo ni kilo ngapi?"

Nikanyamaza. Lita moja ya maji ni kilo moja, hata mtoto anajua, lakini sikuwa nimelisema kwa sauti. Tani nzima ya maji. Kisha tangi lenyewe, pampu, mimi, na kijana wa kunisaidia. Na maji si nyanya. Nyanya zinakaa kwa kreti zao. Maji yakiwa nusu tangi yanakimbia: ukishika breki yanakuja mbele, ukikata kona yanaenda upande, uzito wote unahama wakati mbaya kabisa. Hakuna springi inayorekebisha hiyo.

"Nikuongezee springi, pesa nachukua," akasema. "Lakini ukinunua tangi la lita 700 utaendesha mara nyingi zaidi na utalala nyumbani."

Nilikasirika kidogo, ukweli usemwe. Lita 300 kila safari ni faida yangu inayobaki kwa bomba. Nilipiga hesabu kwa simu hapo hapo, dizeli, muda, safari za siku, na kwa vyovyote nilivyopiga, tangi dogo lilinichelewesha kulipa deni kwa miezi minne. Nilimpigia binamu yangu. Nilitaka aniambie ni sawa tu, niweke kubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ile valvu imerekebishwa. Nikasema ndiyo. Akasema basi chukua la 700, nitakuja kukusaidia Jumamosi, akakata.

Kwa hiyo akiba yangu ilienda hivi: bushi mpya zote za nyuma, kwa sababu zilikuwa zimeisha na nusu ya kelele ilikuwa hapo. Shokabsoba nne mpya za kawaida, hakuna za rangi. Bolti za U mpya, kwa maana zile za zamani ukizifungua huzirudishi. Valvu. Na springi mbili za lori zikatolewa kila upande, moja yake imeshaanza ufa karibu na bolti ya katikati, tukarudisha pakiti ya kiwandani. Gari ikashuka nyuma. Haina sura tena. Niliendesha kutoka Kariobangi mpaka Komarock bila mzigo na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto haikuruka kwa matuta.

Zile springi za mjomba nilitaka kuzibeba nyumbani, sijui kwa nini, labda kwa binamu azione. Lakini nikiwa bado nalipa, jamaa mmoja aliingia na Hilux nyeupe imelala nyuma, imejaa magunia. Akaona chuma chini, akakigusa kwa mguu.

"Hizi unauza?"

Fundi akanitazama mimi.